Abiria wa Salamu

Najua utacheka. Hata mama watoto alicheka, na yeye ndiye aliyenikanda miguu wiki nzima. Cheka tu, lakini haya sikuhadithiwa. Yalinipata mimi mwenyewe, kabla ya giza, nikiwa na akili zangu timamu, wakati ule wa vita vya shifta, wale waasi wa kaskazini.

Nilikuwa muuza miraa. Asubuhi natoka Isiolo na mzigo nyuma ya baisikeli, umefungwa kwa majani ya mgomba, naukimbiza Archer's Post kabla haujanyauka. Wenye malori walikuwa wanangoja kusindikizwa na askari, lakini miraa haingoji askari. Kazi ilikuwa kurudi. Kafyu ilianza saa kumi na mbili jioni, na ukikutwa nje ya kizuizi cha Isiolo baada ya hapo, wewe ni shifta. Huulizwi jina, ni risasi.

Siku hiyo nilipata pancha nikirudi. Nikaziba, ikatoka tena, nikaziba. Nimechelewa, nimekasirika mpaka nagombana na tairi. Mbele nikaona mzee wa Kiborana, kilemba cheupe, amekaa peke yake kando ya barabara. Akainua mkono, akanisalimia: "Nagaa?" Yaani, kuna amani?

Sasa niambie wewe, mtu ana pancha, ana njaa, kafyu inamfuata nyuma, huyo ana amani gani? Nikamwambia bila kusimama kwamba amani iliisha zamani, aulize serikali. Nikampita.

Haki ya Mungu, sikufika mbali. Baisikeli ikawa nzito. Nikaangalia tairi, zima. Nikakanyaga tena, na hapo nikasikia sauti nyuma yangu, kwenye keria ya mizigo, sauti ya upole kabisa: "Watu wa nyumbani, nagaa?"

Nikageuka. Ni mzee yuleyule, amekaa miguu upande mmoja kama mama anayepelekwa kanisani, fimbo mapajani. Ungefanya nini? Mimi niliruka chini. Kisha nikakumbuka kwamba bila baisikeli sifiki mjini kabla ya kafyu, nikapanda tena.

Woga ukanifungua mdomo. Nikamwambia nyumbani hakuna amani, mama mkwe amekuja na hajasema anarudi lini. Baisikeli ikazidi uzito. Akauliza mifugo. Nikasema nina mbuzi mmoja, na anakula nguo. Ikazidi tena. Kila nikilalamika ni kama gunia jipya limepandishwa nyuma. Jua linazama, kizuizi nakiona kule mbele, na mimi sisongi. Nikalia, sikufichi.

Ndipo nikawakumbuka wateja wangu wa Archer's. Waborana wale, hata mtu akiwa ametoka kuzika, ukimuuliza nagaa atakujibu nagaa. Amani kwanza, habari mbaya zinakuja baadaye, polepole, mkishakaa. Mimi nilikuwa nawacheka kwa hilo. Nikashuka, nikavua kofia, nikaanza kumjibu upya. Watu wa nyumbani? Nagaa. Mifugo? Nagaa, hata yule mla nguo. Mvua? Nagaa. Uzito ukapungua, lakini gurudumu bado limekataa kuzunguka. Mzee ananitazama tu. Nimesahau nini, jamani? Nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Na wewe mzee, nagaa?"

Macho yakamjaa machozi. "Nagaa," akasema. "Nimengoja sana."

Keria ikawa tupu. Nikapanda, na baisikeli ikakimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Niliingia kizuizini bila breki, askari wawili wakarukia mtaroni. Mmoja akanishika shati, akataka kujua yule mwenye kilemba niliyembeba nimemshusha wapi. Nikaeleza yote, nikijua sasa nimekwisha. Mwenzake, mtu wa Garba Tulla kwa Waborana, akashusha bunduki. Alisema anamjua mzee huyo. Mzee aliugua njiani vita vilipoanza, akakaa pale akisalimia kila gari. Kwa kuogopa shifta, hakuna aliyesimama. Walimkuta amekufa palepale.

Tangu siku hiyo mimi ni mtu wa salamu. Miraa inaninyaukia mkononi kwa sababu kila mteja lazima nimuulize mpaka ng'ombe wake. Kuna mwaka jiko letu lilishika moto, jirani akaita kuuliza kuna nini, nikajibu nagaa. Mama watoto hakuniongelesha mpaka Krismasi.

Siku hizi barabara ile ni lami, watu wanapita mbio na vioo wamefunga. Nakuambia, mtu akikusalimia pale, simama. Mjibu amani, hata kama huna. Kisha umuulize na yeye. Usipomuuliza, utambeba.