Juisi ya Masuku Asubuhi ya Kushusha Unga

Jamani, aibu hii mmeshaisikia kwa watu wengine wakiitia chumvi, basi leo isikieni kwangu mwenyewe.

Ilikuwa ile miaka Zaire inabomoka, maduka yameporwa, kampuni ya madini imeacha kulipa watu, na mimi niliyekuwa winga wa timu ya kampuni (tena mwenye mbio, msicheke) nimebaki nyumbani kwetu hapa komini ya Kenya (mtaa wa mji wetu, si ile nchi), namtazama mke wangu akipima unga kwa kikombe. Sasa mfanyabiashara mmoja wa Butembo, Mkristo ambaye hata bia hanusi, akawa anatafuta mbebaji wa kudumu. Jaribio lilikuwa kushusha lori la unga, na atakayechukuliwa angerudi kwake siku hiyohiyo na gunia. Gunia zima!

Kocha wetu wa zamani alikuwa akitunywesha juisi ya masuku, yale matunda ya porini, kabla ya mechi na baada ya mechi, eti inatia nguvu na kutuliza misuli, na kweli ilisaidia, au mimi niliamini tu, sijui. Basi nikatafuta masuku, nikayakamua, nikamimina juisi katika kibuyu cha mke wangu cha munkoyo (kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi), maana kilikuwa kitupu, nikakificha siku kadhaa watoto wasikimalize. Asubuhi ya jaribio nikanywa yote. Ilikuwa inachoma ulimi kidogo, nikajisemea hiyo ndiyo nguvu yenyewe.

Patroni, yaani yule mfanyabiashara, akatushikisha mikono tusali kwanza. Nilifumba macho, na nilipoyafumbua wenzangu walishaanza kazi (ile amina ilipita saa ngapi?). Nikabeba. Magunia mepesi, miguu haiumi, nikawapita vijana wote, watu wa soko wakasimama wakanipigia makofi, nikaongeza mbio. Jambo moja tu sikulielewa, kwa nini lori haliishi.

"Papa!" patroni akaita. "Uko unafanya nini? Bunga inashuka, haipande!"

Nikatazama. Gunia wanaloweka chini vijana, mimi nalirudisha juu! Nikataka kueleza habari ya masuku, ulimi ukagoma, nikamkumbatia tu. Akanusa, akaruka nyuma.

"Pombe? Na tumetoka kuomba? Rudia kwako, papa."

"Hapana pombe, patroni! Njo matunda!" nikalia, na soko zima likaangua kicheko.

Nyumbani Mama Kabwe, mke wangu, akanusa kibuyu.

"Baba Kabwe, ile hatuisafishake! Munkoyo ya zamani inabakiaka ndani, njo inachachisha ya mupya. Ukitiya matunda mule, inakuwa pombe. Juu ya nini haukuniuliza?"

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Maji ya ugali yalikuwa yanachemka kwenye mbabula, jiko letu la makaa, watoto wameshanawa wamekaa. Akaitazama mikono yangu mitupu, kisha akaipua sufuria, makaa yasiishe bure.

Tangu siku ile misuli ikiuma, naiacha iume.