Mwiba wa Tumainieli

Careen aliolewa kijijini Mhezi akijua kwamba jicho la mumewe, Tumainieli, lilitobolewa na mwiba utotoni, akichunga mbuzi. Ndivyo alivyoambiwa wakati wa uchumba, na mama mkwe alikuwepo, akaitikia kwa kichwa. Jicho la bandia halikumsumbua. Alimpenda kwa upole wake.

Mtoto wao, Agape, alipokaribia mwaka, Careen aliona mboni yake moja iking'aa weupe kila akimulikwa na tochi. Akamwita mumewe aone.

"Ni mwanga tu, Mama Agape," alisema, akashika jembe akatoka.

Miezi ikapita. Walipofika hospitali ya rufaa kule Moshi, uvimbe wa saratani ulikuwa umelijaza jicho lote. Likatolewa.

Dokta Sabrina, aliyemhudumia mtoto, alimgeukia Tumainieli. "Na lako, baba, lilipatwa na nini?"

"Mwiba."

Hata hivyo daktari aliomba damu ya wazazi wote wawili, ipimwe vinasaba pamoja na ya mtoto. Saratani hii, alieleza, mzazi anaweza kumrithisha mwanawe.

Majibu yalipotoka, aliwaita. "Hitilafu aliyo nayo mtoto unayo na wewe, baba. Mama hana."

Tumainieli akainama. "Langu nalo lilikuwa na uvimbe. Mama alinikataza kusema. Nisingepata mke."

 Ugonjwa Careen angeweza kumsamehe. Nani huchagua ugonjwa?

"Nilipokuonyesha ile mboni, ulijua?"

"Niliogopa."

"Sijakuuliza kama uliogopa."

Tumainieli akambeba mtoto, akatoka nje.

Nyumbani, Careen alimwamkia mama mkwe, kisha akamuuliza mbona alimficha ukweli.

"Ulitaka nimtangaze mwanangu kijiji kizima?" mama yule akasema, akaendelea kuchambua maharage.

Siku hiyohiyo Careen alihamishia godoro lake chumbani kwa Agape. Tayari alikuwa na mimba ya pili.

Paschal alipozaliwa alipimwa mapema, akakutwa na hitilafu ileile. Lakini vivimbe vilikuwa vidogo mno. Madaktari wakavichoma kwa mwanga maalumu, na macho yake yote mawili yakapona. Tumainieli alilia kwa furaha, akamshika mkewe mkono. Careen aliuacha mkono ushikwe.

Bado wanaishi pamoja. Humpikia, humfulia, kanisani hukaa benchi moja. Ila Tumainieli akisema hata kwamba mvua imenyesha huko kijijini Chome, Careen humuuliza jirani.