Kigoda Penye Moto wa Wanaume

Niliporudi likizo, mwaka wangu wa pili chuo kikuu, baba alinitengea kigoda penye shikome. Kwa asiyejua, shikome ni moto wa wanaume. Huwashwa jua likikaribia kuzama, kando ya zizi, na hapo wanaume wa nyumba hula, huzungumza habari za ng'ombe na kukata mashauri. Wanawake hula jikoni. Sikuwahi kumwona mwanamke ameketi pale. Akija, amekuja kunawisha watu mikono, naye hupiga magoti.

Sababu ya baba ilikuwa moja tu: sifa. Katika vijiji vyetu vya ujamaa upande wa Lagangabilili, mtoto aliyefika chuo kikuu watu walikuja kumtazama kama ng'ombe mwenye mapembe mapana. Sasa ningefichwaje jikoni? "Huyu ndiye msomi wangu," aliwaambia majirani, meno yote nje. Nami nikakaa, nikapewa firigisi ya kuku, nikavimba kichwa hasa.

Kichekesho ni kwamba nilikuwa nimetumwa kuchunguza mambo hayo hayo. Siku hizi somo hilo lina jina lake, jinsia. Sisi tulisema tu suala la mwanamke, na darasani tulibishana mpaka sauti zikakauka: je, unyonge wa mwanamke utaisha wenyewe ujamaa ukikamilika, au tuupiganie sasa? Mimi nilikuwa upande wa wasiosubiri, tena wa mstari wa mbele. Mwalimu wetu, nadhani kwa kuchoshwa na makelele, akatuagiza kila mmoja aende kwao aulize nani anafanya kazi gani na nani anaamua nini.

Wanaume walinijibu kwa raha zote. Nani anaamua mambo ya shamba? "Sisi sote." Na ng'ombe? "Sisi sote." Hao sisi sote walikuwa wamekaa pale pale kwenye vigoda, na kila mmoja ana ndevu. Asubuhi nikaenda jikoni na karatasi zangu. "Mwangaluka, mayu," nikamsalimu mama. Aliitikia vizuri, lakini swali la kwanza tu, wote wakacheka.

"Kaulize kule unakokula, wifi," akasema mke wa kaka yangu, mtoto wake mchanga wa kike mgongoni.

Jioni moja mama akaja kutunawisha. Alianza kwa baba, akaenda kwa baba mdogo, kisha akafika kwangu, akapiga magoti. Mama yangu mzazi! Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nikainuka na bakuli langu, nikamfuata jikoni, hotuba nzima iko tayari kichwani.

Alinizuia mlangoni. "Unakuja wapi?"

"Nakuja kula na wanawake wenzangu. Kule sikai tena."

"Utarudi."

"Mama, umenipigia magoti!"

"Magoti ni yangu. Sikiliza, ng'wanone, mwanangu. Hapa tuko wengi, kule uko peke yako. Habari za mdogo wako zinasemwa kule, hapa hazisemwi. Rudi ukakae."

Mdogo wangu alikuwa amemaliza darasa la saba, na amechaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Lakini washenga kutoka Ipililo walikuwa wameshaleta habari za ng'ombe wa mahari, ng'ombe wanono, na baba hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Aliipenda shule, na ng'ombe aliwapenda vilevile. Nilimtazama mdogo wangu, ameinamia ungo anachambua mboga, nikaona aibu kwa ile hotuba yangu. Nikarudi kwenye kigoda.

Washenga wakaja kuchukua jibu. Shikome ina utaratibu wake: jambo zito huzungushwa, kila aliyeketi anasema neno lake bila kukatizwa, na mmoja akikataa halipiti. Baba mdogo akasema ng'ombe ni wazuri. Kaka naye akasema ng'ombe ni wazuri. Zamu ikafika kwangu.

"Huyu mruke," akasema baba mdogo. "Ni mtoto wa kike."

Mzee mmoja wa Ipililo, mtu wa kufuata taratibu kuliko hata faida yake, akauliza, "Kama hasemi, nani alimpa kigoda?"

Wote wakamgeukia baba. Angesema nini maskini, na wageni wanamtazama? Akakuna kisogo. "Mimi," akajibu. "Basi aseme."

Nadharia zote nilizokariri zilinitoka. Nikasema tu, "Mimi sikubali. Ng'ombe wataendelea kuzaa. Nafasi ya shule ikipita, haizai."

Yule mzee akacheka mpaka akakohoa. Wakamalizia maziwa yao ya mgando, wakaaga kwa amani. Baba mdogo alininunia. Baba nilimwona akifunga lango la zizi anacheka peke yake. Nadhani nilikuwa nimemsemea hapana ambayo yeye ilimshinda.

Jioni iliyofuata kigoda changu hakikuwepo. "Leo kale na mama yako," akasema baba, akitazama ng'ombe.

Nilipokelewa jikoni kwa vigelegele. Nikaketi chini kwenye mkeka, nikamegewa ugali wa mtama, na kabla sijauliza lolote wakaanza kunijibu wote kwa pamoja: nani anaamka wa kwanza, nani anapalilia pamba, nani anaiuza. Sikuwahi kufurahi vile katika masomo yangu yote. Mkono wangu haukuwahi kuandika ovyo vile.

Ndipo wifi yangu akamtoa mtoto mgongoni, akamweka mapajani. "Na huyu wangu," akaniuliza, "siku ng'ombe wake wakija, kule atakuwa amekaa nani? Wewe si wameshakuondoa?"

Mdogo wangu alikuwa anakoroga mboga.

"Mimi," akasema. "Kigoda nitakuja nacho mwenyewe."