Mdhamini wa Fundi Kufuli

Fundi kufuli alikuwa amewafungulia milango nusu ya mji, lakini sheria bado ilimwona mtoto: mwanamke hapangishwi chumba cha biashara bila mdhamini mwanamume. Mwanamume pekee aliyebaki kwao ni mdogo wake, mlevi ambaye yeye dada ndiye aliyemlisha na kumvisha.

Asubuhi moja aliitwa ofisi ya kupangisha nyumba. Kitasa kilikuwa kimegoma na mkubwa wa ofisi amefungiwa ndani.

“Bosi, na kile chumba nilichoomba?” aliuliza akiwa nje ya mlango.

“Dada, sheria inakulinda. Mlete mdogo wako.”

“Sawa, bosi.” Akarudisha vifaa mkobani kwa adabu zote. “Nimfuate basi, anidhamini hata kwa mlango huu. Jioni huenda atakuwa ameamka.”

Ndani palisikika kikohozi. Kisha mkubwa akakumbuka kwamba sheria ile, ukiitazama vizuri, imepitwa na wakati.