Sehemu ya Wimbo Aliyoikata DJ

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi kasorobo alasiri, nyuma ya maabara ya shule, pale penye mikaratusi. Tulikuwa tunafanya mazoezi ya wimbo wa Kihindi wa kuwachezea kidato cha nne kwenye mahafali yao. Rafiki yangu alikuwa ameinua mikono juu, kiuno kimeanza. Akaishusha.

"Shoga, sisi kesho tunahama."

Nilicheka, maana yeye ana utani mwingi. Hakucheka.

"Mnahamia wapi?"

"Tanga. Mama kapata uhamisho wa kumfuata baba. Gari la mizigo linakuja alfajiri."

Mama yake ni mwalimu wa shule ya msingi. Walipanda huku Lushoto tulipoanza kidato cha kwanza, wakapanga vyumba viwili jirani na kwetu. Baba yao alibaki Tanga kazini. Kila mwaka mama aliomba kumfuata, kila mwaka wakamnyima. Kwa hiyo ilikuwa habari njema. Nilijua ni habari njema. Nilisimama pale nimetanua mikono yangu kama nilivyokuwa nimeitanua, sikujua niiweke wapi.

Mimi ndiye stelingi, yule shujaa wa movie. Yeye ndiye anayechezea kiuno, mabega, vidole, macho. Kazi ya stelingi ni kusimama ametanua mikono na kungoja azungukwe, na hiyo ndiyo kazi niliyoiweza. Darasani wananiita bubu. Nikiulizwa swali nalijua jibu, ila likifika kooni linakaa hapo.

Nadhani ndiyo sababu nazipenda nyimbo za Kihindi kuliko movie zenyewe. Mle ndani mtu akishindwa kusema hachekwi. Anafungua mdomo, maneno hayatoki, basi unakuja upepo ambao haukuwepo, unampuliza nywele, na kundi zima la watu linatokea kwenye kona, wamevaa sare, na wote wanazijua hatua. Hakuna anayewauliza wametoka wapi. Mtu alikuwa sokoni, ghafla yuko mlimani kwenye theluji na kitambaa chepesi, tumbo nje, wala hatetemeki. Wimbo ukiisha yuko sokoni tena, na kila mtu ameshaelewa kilichokuwa moyoni mwake. Ningekuwa na wimbo mmoja tu wa namna hiyo kwa muhula, ungenitosha.

Tulikuwa tunaangalia kwao, kwenye kochi, movie za flashi zilizotafsiriwa na DJ. DJ anasema maneno ya wote: ya stelingi, ya baba mkwe, ya bibi, hata kilio cha mtoto mchanga analia yeye. Lakini wimbo ukifika, anachoka. "Hapa wanaimba mapenzi, tusichoshane," anasema, anaupeleka mbele. Kwa hiyo nyimbo nyingi tulizijua mwanzo na mwisho. Msichana yuko kwenye ngazi za kwao, amevaa njano, upepo unaanza. Kufumba na kufumbua yuko kwenye ngazi zilezile, amevaa nyekundu, anahema, machozi yamemlowesha. Katikati palitokea nini? Rafiki yangu alikuwa anaifokea televisheni: "Muache aimbe, baba! Kakukosea nini?" Mama yake anacheka huko jikoni hadi anapaliwa.

Basi katikati tukaitunga wenyewe. Tulifunga pazia jekundu la mama yake juu ya masweta ya shule, tukazunguka mikaratusi. Siku ya kwanza ukungu uliposhuka, yeye alikimbilia nje anapiga kelele: "Njoo uone, tuko ndani ya wimbo!" Mimi ukungu nilikuwa naujua kama kitu cha kuchelewesha nguo kukauka. Tangu siku ile sijauona vile tena.

"Ulijua lini?" nikamuuliza.

"Jumapili iliyopita."

"Na mazoezi yote ya wiki hii?"

"Nilitaka tucheze. Ningekuambia, ungekaa kimya."

Nikakaa kimya.

"Unaona? Sema kitu, basi. Nitukane hata kidogo. Wallahi nitafurahi."

Nilitaka kusema kwamba bila yeye hakuna atakayenizunguka. Akaningoja, akaningoja, halafu akalikunja lile pazia, akaondoka nalo, maana lilikuwa la kufungwa na mizigo. Mimi nikabaki na mwanzo na mwisho, kama movie za DJ. Tunacheza, anaondoka.

Nyumbani nikampita mama anamenya viazi mlangoni.

"Siku hizi shikamoo inauzwa?" akauliza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mdomo huo umeumwa na nyuki?"

Nikamwambia. Akanijibu kwa Kishambaa, lugha yake ya kusema mambo ya kweli, kwamba Tanga ni hapo tu, watu wanashuka na karoti na kurudi. Nikamuuliza, mimi nitashuka na karoti zipi? Wakati wa kula aliniwekea kiazi cha kwenye sahani yake, akajifanya hakukiona kimehama.

Asubuhi niliamka kabla ya jogoo wa jirani. Sikuenda kwao. Nilijua nikifika mlangoni nitasema "safari njema" kama mgeni, basi. Nilichukua kanga nyekundu ya mama, nikateremka hadi kwenye kona ya barabara ya kwenda Soni, ambapo kila gari linaloshuka lazima lipunguze mwendo. Kulikuwa na kina mama watatu wamekaa juu ya magunia ya kabichi, wanangoja usafiri. Nikawaamkia. Ukungu ulikuwa mzito, hata ng'ambo ya barabara huoni.

Nikafunga kanga juu ya sweta.

Gari likasikika kabla halijaonekana. Taa zikatokea, za njano, zimefifia. Nikainua mikono, si ya stelingi, ya kwake yeye. Nikaanza katikati. Kiuno, mabega, vidole, nikazunguka mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumzunguka.

"Mungu wangu, huyu binti wa nani?"

"Ni yule asiyesema, wa pale juu."

"Leo kasema!" Wakacheka, mmoja akapiga makofi.

Gari likapita karibu kabisa, kitanda kimefungwa juu, miguu yake imeelekea mbinguni. Honi ikapigwa mara moja. Huenda ilikuwa ya kunisogeza barabarani. Kioo cha mbele kilikuwa cheupe kwa mvuke, sikuona uso, sikuona mkono. Ule ukungu alioupenda ukafunga nyuma ya gari, na mimi nikaendelea kucheza, kwa sababu sikutaka kukatia njiani, hadi pale msichana anaposimama kwenye ngazi anahema.

Mmoja wa wale kina mama akasema taratibu, "Mwanangu, ukimaliza, njoo unishikie hili gunia, gari letu linakuja."

Nikajifuta uso kwa kanga ya mama, nikaenda kumshikia gunia.