Picha ya Akinyi Iliyochomwa

Nilipokuwa mtoto pale Kawangware, miaka ya sabini, nilikuwa na wivu, tena wivu mbaya. Mdogo wangu Akinyi hakuwa amefikisha hata miaka miwili na tayari mtaa mzima ulikuwa wake. Akicheka, wanawake waliobeba maji walisimama kumtazama.

Basi walimu wa chekechea wakaamua kutengeneza kitabu cha picha za watu wa mtaa, ili watoto wajifunze kusoma kwa nyuso wanazozijua. Wakamwita Mzee Abdalla, mpiga picha wa mtaa wa Makina. Alikuja na baiskeli yake, akampiga picha fundi viatu, akampiga mama wa sukumawiki, kisha Akinyi akiwa amekaa ndani ya karai la kufulia. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, nimechana nywele makusudi. Hakunipiga hata moja.

Mzee Abdalla alikuwa na utaratibu wake. Picha haiingii kitabuni mpaka mwenyewe akubali kwa karatasi, na asiyejua kuandika aweke kidole. Kwa mtoto, mzazi ndiye aliyekubali. Mama hakuwa amesoma, kwa hiyo karatasi nilipewa mimi nikamsomee.

Nilimsomea yote. Kisha nikaongeza langu. Nilimkumbusha maneno ambayo nyanya alituambia kila tulipokwenda kwao ziwani: picha ya mtoto anayenyonya ikikaa kwa wageni, kivuli chake hubaki huko, na mtoto hukifuata. Mama alikuwa tayari amechovya kidole kwenye wino. Akakipangusa kwenye leso. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Mzee Abdalla hakubishana. Kesho yake alirudi, akakata kile kipande cha filamu mbele ya mama, akakitia jikoni kwenye makaa pamoja na picha yenyewe.

"Mama Atieno, kaa na amani," alisema. "Mtoto wako hayuko kwa mtu yeyote."

Miezi michache baadaye ukambi uliingia mtaani. Akinyi aliugua siku sita, akafa. Hakuwa na picha kwa mgeni yeyote, na bado alikwenda.

Wiki mbili baada ya mazishi, mama alinishika mkono tukaenda kwa miguu mpaka Makina. Aliingia kwa Mzee Abdalla bila hata kusalimu.

"Nimekuja kuweka kidole," alisema. "Nipe ile picha."

Mzee alimkumbusha polepole kwamba waliichoma pamoja. Mama akasema anajua, lakini labda ilibaki nyingine, watu wa picha hawakosi nyingine. Maskini yule mzee alitoa mikebe yake yote, akainua filamu moja moja kwenye mwanga wa dirisha, mpaka adhana ya adhuhuri ikapita na yeye bado anatafuta. Haikuwapo. Alikuwa mtu mwaminifu, alichoma kila kitu kama alivyoahidi, na uaminifu wake ndio uliotuvunja moyo. Mama alikaa chini kwenye sakafu akalia, na mimi nikasimama mlangoni nikijua ni nani aliyemfikisha pale.

Leo najua ukambi hauulizi habari za picha. Nyanya simlaumu, aliwalinda watoto kwa kile alichokuwa nacho. Mimi ndiye niliyechukua hofu yake nikaitumia kwa sababu ya wivu. Sijawahi kumwambia mama.

Sasa amezeeka, na jioni nyingine huniuliza, "Atieno, hebu niambie tena, Akinyi alikuwa na sura gani?" Namwambia: paji la uso pana, meno ya mbele yenye mwanya, kishimo kwenye shavu la kushoto. Anatabasamu, anasema ndiye huyo. Shavu ninalomsimulia ni la binti yangu. La Akinyi nimelisahau.