Mkono Mfukoni

Sisemi uongo: kiti kile cha nyuma kanisani, mbele ya mashine ya kuchanganya sauti, nilikipenda kuliko kiti chochote cha nyumbani kwangu. Kanisa letu hapa Changamwe ni la mabati, na mabati hayasitiri kosa. Maiki ikizidi kidogo tu, inapiga yowe mpaka watoto wanalia. Miaka mingi yowe hilo lilikuwa langu kulizuia. Mashine ya zamani niliiendesha kwa mikono miwili, nikishusha huku, nikipandisha kule.

Kisha kiharusi kikanipitia. Miguu ilirudi, ulimi ulirudi, Mungu ashukuriwe. Mkono wa kushoto haukurudi. Umelala tu pajani kama mgeni asiyeaga.

Nilipokuwa ningali naenda hospitali kunyooshwa viungo, kanisa likanunua mashine mpya, ya kidijitali, na akapewa mtu mwingine aishike: dereva wa malori ya bandarini, mtu wa bara, hata mwaka hajamaliza hapa pwani. Niliposikia nilivimba. Basi, nikasema, kiti kishapata mwenyewe.

Jumamosi moja jirani yangu, kiongozi wa kwaya ya akina mama, alipitia kwangu akitoka mazoezini, amefura.

"Yule mbara wenu hana adabu, wallahi! Atusalimu shikamoo, mkono mfukoni. Apanga maiki, mkono mfukoni. Saa nzima akaa pale kwenye mashine, mkono mfukoni! Sisi ni mama zake au wenziwe wa kijiweni?"

"Mwache, mgeni huyo," nikamjibu. Lakini moyoni nilifurahi, tena sana. Kesho, nikajiambia, nitakwenda niwarudishie ufunguo wa kabati la maiki, niwaage, nao wabaki na huyo wao.

Jumapili nilifika mapema, ufunguo mkobani. Dereva akainuka kitini.

"Shikamoo, mama. Nilikuwa nakungoja. Kaa."

"Nikae nifanye nini? Huoni mkono?"

"Si ukae kwanza, mama."

Nikakaa, kwa hasira. Vishikio vya kusukuma vilikuwa vimejipanga safu nzima, kimoja kwa kila maiki, vingi hata macho yakanichoka. Akanionyesha vinne vya mwisho, upande wa kulia, alivyovibandika vikaratasi: Kwaya. Ngoma na kayamba. Vinanda. Wahubiri.

"Kila kimoja hapa kinashika kundi zima," akasema.

Akina mama walikuwa wanapasha sauti. Nikakivuta chini kile cha kwaya, polepole, na wote wakashuka pamoja. Lakini vishikio vyao wenyewe, kule kushoto, havikutingishika hata kimoja.

"Mbovu hii. Vile vingine vimekufa."

Akacheka. "Havijafa, mama. Kule nimempimia kila mtu sauti yake, na kipimo hicho kinabaki. Huku unawapandisha na kuwashusha wote pamoja. Mwenye sauti ndogo haachwi nyuma."

Ibada ikaanza. Kwenye wimbo wa tatu kayamba zilipamba moto, zikameza maneno. Zamani ningetamani mikono mitatu. Nikashusha kundi la kayamba, nikasukuma la kwaya juu, na sauti za akina mama zikajaa kanisa lote pasipo yowe. Ati kidole kimoja hakivunji chawa! Changu kilikuwa kimebeba kwaya nzima. Machozi yakanitoka, nami sikuyafuta, maana mkono wa kuyafutia ulikuwa kazini.

Hapo ndipo nilipotazama vizuri. Kitufe cha kunyamazisha maiki za wahubiri, visikizio vya kuvaa masikioni, taa ndogo, hata chupa yangu ya maji, vyote vilikuwa kulia. Hapakuwa na kitu cha kunifanya nijipinde.

Watu walipoanza kutoka nikamwuliza, "Ulijuaje kwamba nitavifikia vyote?"

Akaona haya. Akakaa kitini, akatia mkono wa kushoto mfukoni, akanyoosha wa kulia.

"Nilijaribu hivi jana, mama. Mazoezi yote. Kila nilichoshindwa kukifikia, nikakihamisha."

Jirani yangu alikuwa amesimama nyuma yetu, na alisikia yote. Lo! Alimshika yule dereva mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa, na hakutaka kuuachia.

Nami nikampa wangu wa kulia, ndio nilio nao. "Ahsante, mwanangu," nikamwambia. "Mungu akulipe, mimi siwezi."

Kisha nikatoa ufunguo mkobani, nikaenda kufunga kabati la maiki. Ndiyo kazi yangu.